Faili Nililoliacha Kamalondo

Kwa miezi mingi nilimwambia mama mmoja wa mtaa wa Kamalondo kwamba intaneti yake inakatwa na kampuni ya simu, na kwamba dawa yake ni kungoja. Haikuwa kweli. Iliyokuwa ikimkatia intaneti ni mistari michache ya maandishi ambayo mimi mwenyewe niliiweka ndani ya laptopu yake kwa nia ya kumsaidia, na nikalipwa kwa kazi hiyo. Kabla sijalijua hilo, alikuwa ameshatoa pesa kununua kifaa kisichohusika kabisa na shida yake, na kijana mmoja, mteja wake, alikuwa ameshapitwa na nafasi ya kuomba ufadhili wa masomo. Naandika kwa sababu mistari ileile niliiweka kwenye mashine za watu wengine hapa Lubumbashi, na si wote niliofanikiwa kuwapata.

Mama huyu ana kibanda cha kuchapa na kutoa kopi, si mbali na uwanja wa TP Mazembe. Wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi humletea kazi zao za mwisho wa masomo, nyingine zimeandikwa kwa mkono, nyingine vipande vipande kwenye simu, naye huzichapa, huzipanga kurasa, huzigeuza kuwa PDF na kuzituma kwa barua pepe. Vijana wanaotafuta kazi migodini humletea CV na barua za maombi za kupeleka Likasi, Fungurume na Kolwezi. Yote hayo yanapita kwenye laptopu moja ya mtumba iliyotoka Ulaya. Intaneti ikikatika pale kibandani, hakwami yeye peke yake. Anakwama kila mtu aliyeketi kwenye lile benchi la mbele na flashi yake mkononi.

Mimi ndiye niliyemwekea Linux, na kwa hilo sijuti. Flashi za wanafunzi zilikuwa zikimletea virusi kila wiki, faili za watu zinapotea au zinageuka kuwa vijia vya mkato visivyofunguka, na mara mbili ilibidi kazi ya mtu ichapwe upya tangu ukurasa wa kwanza. Tangu siku ile shida hiyo iliisha. Mama alinishukuru mbele ya wateja wake, akawa ananiita fundi wake, na nadhani hapo ndipo nilipoanza kusikiliza kidogo na kusema sana.

Anayejua Lubumbashi anajua habari ya umeme. Bwawa la Mwadingusha kwenye mto Lufira lilianza kutoa umeme mwaka 1930, na lilijengwa kwa ajili ya shaba. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 ukawashwa mstari mkubwa kutoka Inga hadi Kolwezi, kama kilomita 1,700, na huo nao ulivutwa kwa ajili ya migodi. Migodi inakula kwanza, na mitaa ya Kamalondo, Kenya na Katuba inapata kwa zamu. Delestaji, yaani mgao huo wa umeme, ikija mchana wa kazi, mtu mwenye laptopu anaishi kwa betri. Kwa hiyo siku moja Mama akaniuliza kama naweza kuifanya betri yake idumu zaidi. Nikamjibu bila kufikiri kwamba ni jambo dogo.

Nilichokifanya ni hiki. Katika Linux, kila kifaa kilichomo ndani ya mashine kina folda yake chini ya /sys, na ndani ya folda hiyo kuna nyingine iitwayo power, yenye faili dogo liitwalo control. Faili hilo lina neno moja tu. Likiwa on, kifaa kinabaki macho muda wote. Likiwa auto, kerneli, yaani kiini cha Linux, ina ruhusa ya kukilaza kifaa kinapokuwa hakina kazi, na kukiamsha kinapohitajika. Nikaandika hati fupi inayopita kwenye kila folda ya /sys/bus/pci/devices na kuandika auto kila mahali, pasipo kubagua: diski, sauti, kadi ya picha, kadi ya Wi-Fi. Nikaifungia kwenye huduma inayojiwasha kila mashine inapowaka, nikaiita betri.service. Hati yenyewe sikuibuni. Niliinakili kutoka mahali, nikaona inafanya kazi kwenye mashine yangu, nikaridhika.

Betri ilidumu zaidi. Mama aliliona hilo siku ileile, akanilipa dola 10 na chupa ya soda baridi. Wakati naondoka nikampa shauri moja zaidi, ambalo baadaye liligeuka kuwa nusu ya hasara: nikamwambia asiizime mashine, kwa sababu kuwaka kwake kunachukua muda na kunakula betri. Umeme ukikatika afunge tu kifuniko, mashine ilale, na umeme ukirudi aifungue.

Naomba msomaji atazame kilichotokea baada ya hapo, kwa maana hapa ndipo kosa langu lilipopata pa kujificha. Umeme unakatika. Ruta iliyo ukutani inazimika papo hapo. Mama anafunga kifuniko. Umeme unarudi, ruta inawaka, Mama anafungua kifuniko, na alama ya Wi-Fi haipo. Mambo matatu yametokea kwa wakati mmoja, kila mara, kwa mpangilio uleule: umeme umekwenda, ruta imezimika, laptopu imelala. Lipi kati ya hayo limeua mtandao? Mtu aliye mahali ambapo umeme haukatiki angeliona jibu upesi, kwa sababu angebaki na jambo moja tu la kulitazama. Hapa kwetu kuna lawama iliyo tayari kinywani mwa kila mtu, na mimi nikaichukua hiyo. Nikamwambia ruta yake inaathirika na kukatika kwa umeme, anunue betri ndogo ya kuishikilia. Akanunua, dola 45.

Haikusaidia. Sasa ruta ilikuwa haizimiki tena, taa zake zinawaka mchana kutwa katika delestaji, na bado laptopu ilipoamka haikuuona mtandao. Hapo jambo moja kati ya yale matatu lilikuwa limekwisha kutolewa, na mtu yeyote anayestahili kuitwa fundi angebaki na mawili, kisha moja. Mimi nikaenda mbali zaidi na ile laptopu badala ya kuisogelea. Nikasema ni mnara wa kampuni ya simu, betri za mnara zimechoka. Siku nyingine nikasema ni kwa sababu Mazembe inacheza, watu wamejaa uwanjani na simu zao. Siku nyingine nikamuuliza kama mega zake za intaneti hazijaisha. Kila jibu lilikuwa la kuaminika, kwa sababu kila jambo nililolitaja hutokea kweli katika mji huu. Minara huzimika kweli, na mtandao husongamana kweli siku ya mechi. Nilikuwa namdanganya kwa vitu vya kweli, na nilikuwa najidanganya mwenyewe kwanza.

Mama alikuwa ameshaniambia jibu. Aliniambia mara mbili, kwa maneno mawili tofauti, na maneno yake nayakumbuka kuliko jambo jingine lolote katika habari hii.

Mara ya kwanza alisema: “Fundi, telefone yangu inashika mtandao hapa hapa pa meza, ruta ni ileile. Mbona masini peke yake ndiyo haishiki?” Hilo ndilo swali la kwanza ambalo fundi anapaswa kujiuliza, na aliyeliuliza ni mwanamke ambaye hajawahi kufungua terminali maishani mwake. Nikamjibu kwamba simu na laptopu ni vitu viwili tofauti, Mama, havishiki mtandao kwa njia moja. Sentensi hiyo haina maana yoyote, ila ilitoka kwa sauti ya mtu anayejua, naye akanyamaza.

Mara ya pili alisema shida hii haikuwepo zamani, imeanza tangu ile siku nilipokuja kuirefusha betri. Nikamwambia hapana, hayo hayahusiani. Nilijibu kabla hajamaliza kusema.

Kisha ukaja usiku wa yule kijana. Alikuwa amemaliza masomo yake ya uhandisi, anaomba ufadhili wa chuo kimoja cha nje, na mwisho wa kupokea maombi ulikuwa saa sita ya usiku huo. Nakala za diploma, barua za maprofesa, barua yake ya kujieleza, vyote Mama alikuwa amevipiga skani na kuvipanga kwenye laptopu. Umeme ukakatika jioni, wakafunga kifuniko ili kulinda betri huku kijana akienda nyumbani kuchukua pasipoti aliyoisahau. Aliporudi wakafungua. Wi-Fi haipo. Mama akanipigia simu saa nne na kitu. Nilikuwa nyumbani, bukari, yaani ugali, iko mezani, na nikamjibu kama ninavyomjibu siku zote: ni kampuni, Mama, ngojeni kidogo utarudi.

Baada ya muda kijana mwenyewe akachukua simu. “Yaya,” akaniambia, “nimewasha Wi-Fi ya simu yangu nigawe mega, lakini laptopu haioni kitu. Haioni yangu, haioni ya jirani, haioni hata moja.” Naomba mtu anayezijua mashine aisome sentensi hiyo tena. Laptopu ambayo haioni mtandao hata mmoja, katikati ya Kamalondo ambako kila nyumba ya pili ina ruta au simu inayogawa mega, haina shida na kampuni yoyote. Jicho lake limekufa. Kijana alikuwa amenipa vipimo vilivyo safi kabisa, na mimi nikamwambia awe na subira, azime ruta, aiwashe tena.

Lilikuwepo jambo ambalo lingemwokoa kwa dakika mbili, nami nalifanya karibu kila juma kwenye mashine yangu. Simu ya Mama ilikuwa inachajiwa kwa waya wa USB uliochomekwa kwenye laptopu ileile. Ukiwa na waya huo, unaingia kwenye mipangilio ya simu, unaruhusu intaneti igawiwe kwa USB, na Linux inaiona simu kama mtandao wa waya. Haihitaji kadi ya Wi-Fi hata kidogo. Waya ulikuwa pale, umechomekwa, simu iko na mega. Hata kuizima mashine na kuiwasha upya kungetosha. Lakini nani angeizima? Fundi alishasema isizimwe.

Wakangoja hadi saa sita ikapita.

Asubuhi Mama aliizima kwa hasira, akaiwasha, na Wi-Fi ikaja yenyewe mara moja. Akanipigia kunieleza hivyo tu, bila kulaumu, na kwa mara ya kwanza nikahisi kwamba kuna kitu nilipaswa kukitazama zamani. Nikaenda. Nikafungua terminali katika mashine ile, jambo ambalo katika miezi yote ya malalamiko sikuwa nimelifanya, na nikaandika journalctl -k -b -1, maana yake: nionyeshe kumbukumbu za kerneli za mara iliyopita mashine ilipokuwa imewaka.

Kerneli ya Linux huandika kila inapolala na kila inapoamka. Kuna mstari unaosema PM: suspend entry, na baadaye mstari unaosema PM: suspend exit. Kinachotokea kati ya hiyo miwili, na mara tu baada ya wa pili, ndicho kisa kizima. Nikatafuta usiku ule. Mistari miwili ilikuwapo, na hapo hapo, kwa rangi nyekundu, mstari wenye jina la kadi ya Wi-Fi: imeshindwa kutoka D3cold kwenda D0, kifaa hakifikiki.

Herufi hizo ni za utaratibu wa usimamizi wa umeme uitwao ACPI, uliochapishwa mwaka 1996, ambao kompyuta zetu karibu zote zinaufuata. D0 ni kifaa kilicho macho kabisa. D3 ni kifaa kilicholala, na D3cold ni usingizi wa mwisho, ambapo hata umeme wake umeondolewa. Kutoka huko, kifaa hakiamki chenyewe. Lazima mashine ikirudishie umeme na kukianzisha upya kwa utaratibu. Kadi nyingi zinaweza. Nyingine haziwezi, hasa zikiwa zimeshalazwa moja moja kwa amri ya auto, kisha mashine nzima ikalazwa juu yake. Kadi ya Mama ilikuwa mojawapo ya zisizoweza. Ilibaki kule chini, draiva inaiita nayo haijibu, hadi mashine izimwe na kuwashwa upya.

Nikarudi nyuma kwenye kumbukumbu. Kila kifuniko kilipofungwa, mstari uleule mwekundu. Nikazidi kurudi, wiki kwa wiki, hadi nikafika mahali ambapo mashine inalala na kuamka na mstari ule haupo, inalala na kuamka, tena haupo. Nikaangalia tarehe ya mpaka huo. Kisha nikaandika ls -l nione tarehe ya faili la betri.service. Ilikuwa tarehe ileile. Mama alikuwa sahihi kwa siku.

Kwa wenye Linux wanaopatwa na shida ya namna hii, nitaeleza njia ambayo ningeifuata tangu mwanzo, kwa kuwa si kila mtandao unaopotea baada ya usingizi unapotea kwa sababu moja. Anza na simu iliyo karibu. Simu ikishika ruta ileile, achana na ruta na achana na kampuni. Shida iko ndani ya laptopu. Andika ip link utazame kama jina la kadi ya Wi-Fi, ambalo kwa kawaida huanza na wl, lingalipo. Lisipokuwepo, au likiwepo bila kuona mtandao wowote, nenda moja kwa moja kwenye kumbukumbu za kerneli kama nilivyoeleza. Hakuna kitu utakachokipata kwa kuanzisha upya NetworkManager, maana yeye ni msimamizi tu wa mtandao na kifaa anachokisimamia hakipo au hakijibu. Kadi ikiwepo na kumbukumbu zisipoonyesha kosa, rfkill list itakueleza kama redio yake imefungwa, kwa kitufe cha pembeni au na programu. Ikiwa haijafungwa, andika nmcli general. Mara nyingine utakuta imeandikwa asleep: mashine imeamka lakini NetworkManager haikupata habari, na hapo ndipo kuianzisha upya kunapotibu kweli.

Ikisema imeunganishwa na bado kurasa hazifunguki, jaribu ping kwa namba ya ruta yako, kisha kwa namba ya nje kama 8.8.8.8. Namba zikijibu na majina yasijibu, ni DNS, na kadi yako haina kosa. Tazama pia faili la /sys/power/mem_sleep. Litakuonyesha kama mashine yako inalala kwa s2idle, usingizi mwepesi wa mashine za siku hizi, au kwa deep, ambapo karibu kila kitu isipokuwa kumbukumbu ya RAM kinakatiwa umeme. Kuna kadi zinazoshindwa kuamka katika mmoja na kuamka vizuri katika mwingine, na hilo unaweza kulijaribu bila kununua kitu.

Dawa ya mwisho ambayo wengi hupeana ni kuweka hati kwenye folda ya /usr/lib/systemd/system-sleep, inayoiondoa draiva ya kadi kabla ya kulala na kuirudisha baada ya kuamka, kwa amri ya modprobe. Inafanya kazi kwa kadi nyingi, nami nimeitumia. Ila niliikataa kwa laptopu ya Mama. Ningekuwa naweka faili la pili la kufunika ubaya wa faili la kwanza, huku la kwanza likibaki vile vile. Nililirekebisha la kwanza lenyewe. Nikaacha kadi ya Wi-Fi peke yake kwenye on, vifaa vingine vikabaki auto, na betri ikapungua muda mdogo ambao Mama hakuutambua. Nikafunga kifuniko, nikangoja, nikafungua, Wi-Fi ikarudi. Nikarudia hivyo mara kadhaa, mara nyingine nikiwa nimechomoa chaja. Jaribio hilo halichukui muda wa kunywa chai. Ningelifanya siku ile nilipoweka betri.service, kabla ya kupokea zile dola 10, mengine yote yasingetokea.

Sasa nafika kwenye sehemu iliyo ngumu kwangu kuiandika. Siku ile, nikiwa nimekaa mbele ya mashine na najua kila kitu, Mama akaniuliza ilikuwa nini. Nikamwambia: “Ni mipangilio fulani ya ndani, Mama, nimeirekebisha.” Kila neno lilikuwa kweli, na kwa pamoja yalikuwa uongo. Akanishukuru. Akataka kunilipa. Pesa niliikataa, lakini shukrani nikaipokea, nikaondoka nayo.

Sikulala vizuri na jambo hilo, na sikulirudia haraka vile vile. Nilijipa sababu. Nilisema mashine imeshapona, kumweleza habari za kerneli ni kumchosha bure. Nilisema yule kijana angeweza kukosa ufadhili hata kama maombi yangefika. Nilisema pia kwamba nina watoto, na jina la fundi likiharibika Kamalondo litaharibika hadi Ruashi. Sababu hii ya mwisho ndiyo iliyokuwa ya kweli, hizo nyingine zilikuwa nguo zake. Siku niliyorudi kibandani nilingoja wateja waondoke, nikamwambia: “Mama, kosa lilikuwa langu. Nililiweka mimi siku ile ya betri. Ulinieleza, sikukusikiliza.”

Hakunigombeza. Aliniuliza bei ya ile betri ya ruta, kana kwamba hakumbuki, nikataja dola 45, nikaziweka mezani pamoja na zile 10. Akazihesabu akaziweka kwenye mkoba. Betri yenyewe hakunirudishia, akasema inamfaa katika delestaji, na ni kweli inamfaa. Kisha akauliza: “Na yule mtoto, umemwambia?”

Sikuwa nimemwambia. Nilikuwa nimemsahau kwa makusudi, kama mtu anavyoweza kusahau kwa makusudi. Mama akanipa namba yake, nikampigia, tukakutana kwenye barabara ya Kasapa, upande wa chuo. Nikamweleza kila kitu, pamoja na ule waya wa USB, kwa sababu niliona nikiuficha huo nitakuwa bado sijamweleza. Alisikiliza hadi mwisho. Aliponijibu alisema kwamba tangu usiku ule yeye na baba yake wamekuwa wakiamini kosa ni lake, kwa kuwa aliisahau pasipoti nyumbani na kupoteza ile saa moja. Baba yake alimwambia maneno mazito. Nikamwomba nimpigie baba yake. Akafikiri, akasema sawa, na nikampigia mzee huyo palepale barabarani, nikajitambulisha, nikamweleza kwamba mtoto wake alifika na saa moja na zaidi mkononi na kwamba aliyempotezea saa hiyo ni mimi. Mzee alikaa kimya muda mrefu. Kisha akaniuliza kama nina hakika. Nikamwambia ndiyo, Papa, nimeona kwa macho yangu, imeandikwa.

Kijana ataomba tena, nafasi zikifunguliwa. Kama wangempokea mwaka ule, hilo hakuna mtu awezaye kulisema, na sitalitumia kama faraja.

Mashine nilizoziwekea faili hilo zilikuwa nyingi kuliko ya Mama peke yake. Nililiona lilivyofanya kazi kwake nikaanza kuwapa wengine kama zawadi: walimu, mwanafunzi wa sheria, ofisi moja ndogo ya wanaoandaa karatasi za malori ya mpakani Kasumbalesa, watu walioletwa kwangu na watu. Nilianza kuwatafuta mmoja mmoja. Wengine wamehama, wengine wamebadilisha namba, wengine wameuza mashine na faili langu limo ndani.

Kwa hiyo kama uliwahi kutengenezewa laptopu ya Linux hapa Lubumbashi na fundi akakuambia ameirefusha betri, fungua terminali uandike systemctl status betri. Ikikujibu kwamba huduma hiyo haipo, faili langu halimo kwako. Ikiionyesha, andika sudo systemctl disable betri, zima mashine kabisa, kisha iwashe. Zile amri za auto hazidumu mashine ikizimwa. Zilikuwa zinarudi kwa sababu ya faili langu tu, na bila hilo kila kifaa kitarudi kwenye hali ambayo kerneli ilikichagulia. Halafu funga kifuniko, ngoja kidogo, fungua, utazame Wi-Fi. Na ikiwa ulinunua ruta, modemu au kadi mpya kwa sababu ya neno langu, niambie bei yake. Pita kibandani kwa Mama, ng’ambo ya uwanja, umwachie ujumbe, amekubali kuupokea.